H ya Hayati

Kwa miaka kumi na sita kazi yangu ilikuwa kuwaandalia Wamarekani tanzia zao wakiwa bado wazima. Nikilisema hilo nyumbani Tanga, watu hunitazama vibaya, na shangazi yangu mmoja aliwahi kukisogeza kikombe chake cha chai mbali nami. Siku hizi mimi husema tu kwamba nilikuwa natunza kanda. Ninyi mliobaki ofisini mnajua maana yake, na haya nawaandikia ninyi. Vyeo sitavitaja. Kwanza havikuwa vingi.

Niliingia Doha mwaka 2003 nikiwa na cheti cha ukutubi na koti la baridi ambalo sikuwahi kulivaa. Ofisi ilikuwa mtaa wa Al Sadd, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Tulikuwa watu tisa. Vituo vya televisheni vya Ghuba vilikuwa vikitaka kitu kimoja kutoka kwetu: mtu maarufu akifa, filamu fupi ya maisha yake iwe hewani ndani ya saa moja. Hakuna binadamu anayeweza kutengeneza filamu ya maana kwa saa moja, kwa hiyo sisi tulizitengeneza mapema, tukaziweka rafuni, tukasubiri. Fungu nililopewa mimi lilikuwa Marekani: marais wastaafu, maseneta, waigizaji, mabondia, wanaanga, wahubiri wa televisheni na matajiri.

Mkuu wa chumba cha kanda alikuwa Ustadh Idris, Msudani wa Omdurman, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi yenye majina arobaini. Akasema, "Hawa wote wazima. Kaa nayo mpaka adhuhuri, kisha uniambie nani anatangulia."

Nikadhani nimeangukia kwa mganga. Nilisoma majina yale huku nikiomba msamaha kimoyomoyo, kisha nikamchagua seneta wa miaka tisini na mbili. Ustadh Idris akatikisa kichwa. Yeye alimchagua mwigizaji wa miaka hamsini na kitu.

"Huyu ameacha kuonekana," akaniambia. "Ameahirisha mambo matatu tangu Ramadhani, na mara zote tatu aliyetoa taarifa ni mkewe, si wakala wake. Umri unadanganya, binti. Angalia nani ameanza kumsemea mtu."

Mwigizaji alifariki kabla ya mwaka kwisha. Seneta wangu alitushinda wote. Nilimrekebishia filamu mara sita, kila mara nikiongeza sekunde chache za mambo mapya aliyoyafanya, mpaka nikawa namjua kuliko ninavyowajua majirani zangu wa mtaa wa Al Mansoura. Wakati mmoja, bungeni kwao, alitoa hotuba nzima ya namna ya kuloweka vitunguu kwenye siki, na hotuba ikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Nikaviloweka mimi mwenyewe mwezi ule. Ni vizuri, ila punguzeni sukari.

Hapo ndipo kazi iliponishika. Nilikuwa na udadisi ambao mama yangu aliuita umbea, na sasa kumbe kulikuwa na ofisi inayouhitaji. Nilitaka kujua kwa nini mhubiri mwenye watazamaji kila kona hakuwa na televisheni nyumbani kwake. Nilitaka kujua kwa nini tajiri mmoja wa mafuta alikuwa akihudhuria mazishi ya watu asiowajua, akikaa kiti cha nyuma, akiondoka bila kusalimiana na mtu. Niliwashangaa hata namna yao ya kufa. Kwetu mtu hufariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, hata kama ameugua miaka saba. Kwao mgonjwa hupigana na maradhi, tena kwa ushujaa, na akishindwa bado anasifiwa kwa kupigana. Sijawahi kuamua nani kati yetu anasema kweli.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kanda kubwa za video ndani ya maboksi yake ya plastiki, mashine mbili za kuzitazamia, glavu nyeupe za pamba, na lebo za kubandika. Ustadh Idris aliziheshimu lebo kuliko kanda zenyewe. Alikuwa akisema kanda ikiharibika unapoteza filamu moja, lebo ikiharibika unapoteza zote. Mara nyingi alinirudishia boksi kwa sababu ya herufi moja. Nilinuna, naye akaniacha ninune, kisha akalirudisha tena.

Katika maisha ya mtu, alinifundisha, usianze kuuliza alifanya nini. Uliza nani alikasirika. Alinikataza mambo mawili: kumfanya mtu awe mwema kuliko alivyokuwa, na kumlipizia kisasi kwa kuwa hawezi tena kujibu. Hilo la pili lilijaribiwa pale alipofariki mwanasiasa mmoja aliyekuwa mbele kabisa kuipigia debe vita ya Iraki. Mkata filamu wetu alikuwa mtu wa Baghdad. Nilimwambia nitatafuta mwingine wa kuikagua ile filamu. Akakataa, akaikagua mwenyewe kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, akarekebisha makosa mawili ya tafsiri, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema. Filamu ilitoka safi. Sikuwahi kumuuliza alikwenda kufanya nini.

Siku ileile tulibishana na Ustadh Idris kuhusu neno. Nilikuwa nimeandika "marehemu" kwenye kadi ya ndani ya boksi la yule mwanasiasa. Akaiona, akavua miwani.

"Hii ni dua," akasema. "Marhumu ni mtu unayemwombea rehema. Wewe unamwombea huyu?"

"Ustadh, kwetu kila aliyekufa ni marehemu. Hata mwizi wa kuku."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Ni neno tu."

Akaonekana kulifurahia, kisha akasema kwamba hapa kadi zinasomwa na Waarabu, nitafute jingine. Nikafikiri. Kwetu mtu mkubwa akifariki, rais au mwanazuoni, tunamwita hayati. Neno la heshima, halina dua ndani yake, tena lina asili ya Kiarabu. Nikajiona nimepata. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi za Kiarabu, kubwa, juu ya boksi la mwanasiasa yule aliyechukiwa kuanzia Basra hadi Beirut: Hayati fulani bin fulani.

Kwa wasiojua: kwa Mwarabu, hayati maana yake ni uhai wangu. Ndivyo mtu anavyomwita mchumba wake kwenye simu.

Boksi lilizunguka ofisi nzima kabla sijajua kuna nini. Madam Hala, Mlebanoni aliyekuwa mkuu wa uzalishaji, alilibeba mwenyewe kuwaonyesha watu wa mapokezi. Kwa miezi kadhaa nikipita kwenye korido naulizwa habari za mpenzi wangu wa Washington. Nilicheka nao, maana ukionyesha umeumia ndiyo unakoma. Lakini niliumia. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na aibu ile sikuimeza vizuri.

Ustadh Idris alistaafu mwaka 2008 akarudi Omdurman. Rafu akaniachia mimi. Wakati wa kuagana alinishika mkono akaniambia kwamba lebo inayokuhitaji wewe usimame pembeni kuieleza bado haijawa lebo. Nilimwitikia, kisha nikafanya kinyume chake. Wafanyakazi wapya wengi hawakusoma Kiarabu, kwa hiyo nikaanza kutumia herufi za kizungu. Mtu akiwa mzima, boksi lake halikuwa na kitu. Akifariki, nilibandika juu yake duara jekundu lenye herufi moja, H. H ya hayati. Neno lenyewe sikuliandika popote, nisije nikachekwa tena. Kwa miaka mitatu mfumo ule ulifanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu aliyeutumia alikuwa mimi peke yangu.

Mwaka 2011 nikaletewa msaidizi. Otieno alikuwa Mkenya wa Kisumu, karibu miaka arobaini, mwenye sauti ya chini na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya chini ya kikombe. Alikuwa mlinzi wa mlango wetu miaka sita. Filamu zetu zilikuwa zikichezwa kwenye televisheni ya mapokezi, naye akawa amezitazama zote, akazikariri. Alipoomba kuhamia ndani, Madam Hala alimuuliza anajua nini kuhusu wasifu wa watu. Otieno akamtajia makosa matatu yaliyokuwa kwenye filamu ya bondia mmoja. Akapewa miezi mitatu ya majaribio.

Siku yake ya kwanza nilimzungusha rafuni. Akagusa duara jekundu.

"Na hii H ni ya nini, mama?"

"Utaizoea," nikamwambia, nikaendelea na mengine.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kulikuwa na wanaanga wawili waliosafiri pamoja zamani katika chombo kimoja. Kwa kuwa Wamarekani nao wana akina Juma wao, wawili hawa walikuwa na jina moja la ukoo bila undugu wowote. Majina yao sitayaandika. Nitawaita Mkubwa na Mdogo, kwa umri. Maboksi yao yalikaa bega kwa bega kwenye rafu ya tatu. Ubavuni niliandika jina la ukoo tu, na jina la kwanza likawa ndani, kwenye kadi.

Jumapili moja asubuhi, ambayo Doha ni siku ya kazi, redio ikatangaza kwamba Mkubwa amefariki. Nilifika ofisini, nikambandikia H, nikaikagua kanda, nikairudisha mahali pake tayari kutolewa. Kisha nikatoka, kwa sababu siku hiyo nilitakiwa hospitali kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya akama yangu, kile kibali cha ukaazi ambacho bila hicho mtu wa nje hana lake Doha. Nikamwambia Otieno, "Wakimuomba mwanaanga, yupo rafu ya tatu."

Wakamuomba. Karatasi ya maombi ilikuwa na jina la ukoo peke yake. Otieno, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kutoa kanda peke yake, akaenda rafu ya tatu, akakuta wawili, mmoja ana H na mwingine hana. Akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili anayezungumza Kiswahili angefikiri. Akachukua asiye na H.

Saa sita mchana kituo kimoja kikarusha maisha na kifo cha Mdogo, dakika nne, pamoja na muziki wa huzuni. Saa saba wakarudia.

Niliporudi nilikuta duara langu jekundu bado limekaa rafuni. "Otieno," nikasema, "mbona hukumchukua huyu mwenye H?"

"Si huyo ndiye mzima, mama? H, hai. Nikachukua mwenye hana."

Hai. Sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Miaka mitatu nimebandika herufi inayosema mtu amekufa, na katika lugha yangu mwenyewe inasema vilevile kwamba yu mzima. Nilisimama pale na glavu mkononi. Nilipaswa kusema palepale kwamba kosa ni langu. Nilichosema ni "Ala," nikageuka kutafuta namba ya kituo ili waombe radhi.

Kesho yake simu ililia mezani kwa Madam Hala. Kituo kilikuwa kimetoa namba yetu, upesi sana. Mpigaji alikuwa mwanamke, kutoka Marekani, mwenye sauti tulivu kabisa. Madam Hala akaweka sauti ya wazi tusikie.

"Mume wangu yuko nyuma ya nyumba anamwagilia nyanya," akasema yule mama. "Rafiki yake aliyeko huko kwenu ameniandikia rambirambi. Sasa mume wangu anaomba kujua amefariki kwa maradhi gani, ili ajihadhari."

Mimi ningecheka. Madam Hala hakucheka. Aliomba radhi kwa lugha tatu, akaahidi barua. Yule mama akasema radhi imepokelewa, ila mumewe ana ombi moja: angependa kuiona hiyo filamu, maana watu wengi hawapati nafasi hiyo. Ikatumwa kwa mtandao siku ileile.

Kisha akaitwa Otieno, nami nikiwapo. Maboksi mawili yalikuwa mezani. Madam Hala akamuuliza kwa nini alichukua lile. Otieno akalitazama duara jekundu, akanitazama mimi, akasema, "Nilichanganya, Madam."

"Ulichanganya nini?"

"Nilichanganya tu."

Uamuzi haukuchukua muda. Majaribio yake yamekwisha. Alhamisi atarudisha kadi ya mlango, na ofisi itafuta akama yake. Ninyi mmezoea mambo yalivyo sasa, lakini wakati ule akama ikifutwa hukuweza kuvuka barabara ukatafuta kazi kwingine. Ulirudi kwenu. Miaka sita ya kusimama mlangoni, miezi miwili ya kuwa ndani, kisha Kisumu.

Nilinyamaza. Kazi niliyoifanya ilinizoesha kuuliza kwa nini watu wakubwa walifanya waliyoyafanya, kwa hiyo nijibu na mimi. Niliogopa, kwa sababu akama yangu mwenyewe ilikuwa njiani wiki ileile. Niliona aibu, kwa sababu kueleza H kulihitaji nilitamke tena neno hayati mbele ya Madam Hala. Na nilijiambia kwamba Otieno naye angeweza kuuliza. Aliuliza, siku ya kwanza. Hilo nililiruka kila nilipolifikia.

Jumanne nilimfundisha kufunga maboksi ya kusafirisha, kazi ambayo asingeifanya tena. Alikuwa mwepesi. Aliniuliza kwa nini yule tajiri wa mafuta alikuwa akienda mazishi ya watu wasiomhusu. Nikamwambia sijui, nimemtafuta miaka mingi. Akasema, "Labda alikuwa anataka kusikia vile watu husemwa." Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatano jibu la Mdogo likafika kwa faksi. Madam Hala alilipitia juujuu, akaona hakuna kesi, akanipa. "Weka kwenye faili lake." Nililisomea kwenye chumba cha kanda, mlango nimeufunga.

Alisema filamu ni nzuri, na kwamba sura yake inapendeza humo kuliko kwenye kioo. Nyanya zinaendelea. Kisha akasema kuna kosa. Filamu ilieleza kwamba katika safari ile hewa ilipoanza kuvuja, yeye ndiye aliyetambaa akaifunga vali kwa mkono na kuwaokoa wenzake. Aliyeifunga ni Mkubwa. Waliporudi, gazeti liliandika jina la ukoo peke yake, na kwa kuwa yeye Mdogo ndiye aliyekuwa mzungumzaji, watu wakadhani ni yeye. Alikusudia kulirekebisha wiki iliyofuata. Ikawa mwezi. Ikawa shule zinamwalika kueleza habari za vali. Mkubwa hakuwahi kumuuliza, na kila Krismasi alimtumia kadi. Sasa anazikwa Jumamosi. "Nimeona kwa macho yangu jinsi nitakavyosemwa nikifa," aliandika, "na siwezi kuiacha iseme hivyo. Tafadhali rekebisheni mapema. Mimi nimeshaandika kwa familia yake."

Nilikasirika. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba mtu wa miaka themanini ana raha gani ya kufukua mambo. Nikakunja karatasi, nikaiweka kwenye faili, nikaitoa, nikaisoma tena. Usiku sikula.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa Madam Hala kabla hajavua mtandio wake. Nikaweka boksi la Mkubwa mezani, nikamwambia H ni herufi yangu, niliibuni mimi, sikumweleza mtu, na Otieno alipouliza sikumjibu.

"H ni ya nini?"

"Hayati."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akatafuta karatasi ya kujifuta macho. Nilisimama nikamwacha amalize. Alipomaliza, hakuwa tena na kicheko.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Na leo ni siku gani, Mwanaidi?"

Akainua simu, akawaambia watu wa utawala wasiifute akama ya Otieno. Mimi nikapewa barua ya onyo, na rafu akapewa Otieno azipange upya. Jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa maduara yote mekundu na kuandika, kwa lugha tatu, neno zima: amefariki. Ndizo lebo mnazotumia hadi leo. Kisha tukairekebisha filamu ya Mdogo, kesho yake Ijumaa, ingawa ilikuwa mapumziko, ikawa na jina la aliyefunga vali.

Lakini Alhamisi hiyo, kabla ya yote, nilikwenda Al Mansoura kumpa Otieno habari. Walikaa wanne chumbani. Begi lake lilikuwa limefungwa, juu yake shati moja la safari. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua begi, akaanza kutoa nguo moja moja.

"Ulijua kwamba H ni yangu," nikasema. "Mbona hukumwambia Madam?"

"Ningemwambia, ungesema nimesoma vibaya. Na ingekuwa ukweli pia." Akakunja suruali. "Nikasema wacha mama aseme mwenyewe. Nilikuwa nataka tu kujua utasema ama hutasema."

"Na kama nisingesema?"

"Saa hii ningekuwa nimefika airport, mama."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Nikamwomba radhi. Akasema imepita. Akanipikia chai, tukanywa, tukazungumza habari za tajiri wa mafuta.

Mdogo alifariki kweli mwaka 2015. Mkewe ndiye aliyetupigia, kabla ya kituo chochote. "Safari hii msiwe na wasiwasi," akasema, "ni kweli." Otieno ndiye aliyeichukua kanda rafuni, na mimi nikiwa nyuma yake tulisoma lebo wote wawili kwa sauti.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Madam Hala alikuwa na moyo mzuri kuliko ulimi wake. Watu walipomuuliza kwa nini Otieno amebaki, alijibu kwa mkato kwamba Mwanaidi alikuja kumtetea. Habari ikatembea hivyo. Nilikusudia kuirekebisha wiki iliyofuata. Mliofika baadaye mliisikia mkiwa mmekaa kwenye ofisi mpya ya Lusail, na kila alipokuja mgeni wa kazi mlimsimulia jinsi mama wa Kitanzania alivyosimama mbele ya bosi kwa ajili ya Mkenya asiyemjua. Nilikuwepo. Nilitabasamu.

Siku ya kuniaga mlizima taa mkanionyesha filamu mliyonitengenezea. Dakika nne, kama kawaida yetu. Picha za Al Sadd, glavu zangu, hadithi ya mpenzi wa Washington, vitunguu. Kisha ikaja sauti ya msimulizi: alimwokoa mwenzake asifukuzwe. Mkapiga makofi. Otieno, ambaye sasa ni mkuu wenu, alikuwa kiti cha mbele. Alipiga makofi pamoja nanyi, kwa adabu, bila kunitazama. Ni mara ya pili ananyamaza kwa ajili yangu, na safari hii amenyamaza miaka minane.

Najua filamu hiyo ipo rafuni. Najua pia inangoja nini. Mimi ndiye niliyewafundisha. Itoeni. Dakika ya tatu, ondoeni sentensi yote ya kuokoa, muweke hii: Kosa lilikuwa lake. Alilijua Jumapili, akalisema Alhamisi. Muulizeni Otieno kama ndivyo, na safari hii mwambieni asinyamaze. Mkimaliza nitumieni Tanga niitazame nikiwa mzima.